Baba Alivyoizima Sauti ya Kenya

Redio yetu ilikuwa na kanzu. Mama aliifuma kwa uzi mweupe, ikafunikwa kama bi harusi, ikaachiwa spika tu ya kupumulia na vifundo viwili vya kuzungushia. Ilikaa sebuleni juu ya kabati la vikombe vya wageni, mahali ambapo mtoto wa kimo changu hafiki bila kupanda kiti, na kupanda kiti kulikuwa na bei yake. Baba ndiye aliyeiwasha, Baba ndiye aliyeizima. Ilikula betri nne kubwa, zile zenye picha ya paka anayeruka, na zilipoanza kuchoka tulizianika juani kutwa nzima kando ya kahawa ya mbuni, ili jioni zipate nguvu ya kufika walau kwenye matangazo ya vifo. Bila matangazo ya vifo nyanya yetu, Cucu, hakulala.

Boma letu liko upande wa juu wa Runyenjes, Embu, pale kahawa inapokaribia kukutana na majani chai. Baba ni Mwembu wa hapo hapo. Mama alivuka mto Thuci akitokea pande za Nkubu, Meru, akaja na Kimeru chake na hakukiacha mlangoni. Kimeru na Kiembu ni ndugu, lakini ndugu ndio hugombana vizuri: Cucu, mamake Baba, alijifanya haelewi mkaza mwanawe akiomba chumvi, na mkaza mwana naye alijifanya hasikii akiambiwa achukue. Kiswahili kilikuwa cha redio. Cucu alikijua maneno matatu: hodi, polisi na sukari.

Ndiyo maana mimi, wa saba kati ya watoto wanane, nikapewa kazi ya ukalimani. Mchezo wa redio ulipoanza niliketi kwenye kigoda karibu na sikio la Cucu, nikawa namnong'onezea kwa Kiembu kila linalosemwa. Nilikuwa darasa la nne. Kazi ile haikuwa na mshahara, na mkalimani asiyelipwa hujilipa mwenyewe kwa kutia chumvi.

Mchezo wenyewe uliitwa Ushikwapo Shikamana. Ulianza mwaka 1987 katika Sauti ya Kenya, ukiwa na ndugu yake wa televisheni, Tushauriane, ambaye sisi tulimjua kwa sifa tu. Mbinu yake ilikuwa imetoka mbali. Mwaka 1969 huko Peru televisheni ilionyesha mchezo wa kila siku, Simplemente María, wa msichana wa kazi aliyejikwamua kwa kushona nguo. Wanawake wakakimbilia cherehani na madarasa ya ushonaji. Mmexico mmoja, Miguel Sabido, akaliangalia jambo hilo akajiuliza: kama mchezo unaweza kuuza cherehani bila kukusudia, utauza nini ukikusudia? Mwaka 1977 akatoa Acompáñame, mchezo wa kuzungumzia uzazi wa mpango. Kanuni yake ni rahisi hata Cucu angeielewa: weka mtu mwema, weka mtu mbaya, kisha weka wa tatu anayeyumba katikati. Msikilizaji hatamfuata mwema, maana wema unachosha. Atamfuata anayeyumba.

Mmarekani David Poindexter akaipigia debe mbinu hiyo nchi kwa nchi, hadi ikatufikia. Kenya ya wakati huo ilikuwa inatajwa duniani kwa kuzaa: mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke Mkenya alihesabiwa watoto wanane hivi maishani mwake. Waliotunga mchezo wetu walijua kwamba kumwambia mwanamume azae wachache ni kumpigia mbuzi gitaa. Wakaukamata mkono unaomuuma, yaani shamba. Mchezo ukaunganisha idadi ya watoto na urithi wa ardhi, na swali la nani atakulisha ukizeeka kama kila mwana amepata kipande cha kuanikia soksi.

Hapo walitugusa. Embu na Meru, pamoja na Kisii, ndiko Waafrika wa Kenya walikoruhusiwa kwanza kupanda kahawa, katika miaka ya 1930, baada ya walowezi kuifanya kuwa mali yao peke yao. Kwetu kahawa ilikuwa karo, bati la nyumba, na jina la mtu. Guka, babu yetu, alikuwa na ekari kumi na mbili na wana watatu. Baba akapata nne, na hati yake akaitia ndani ya bahasha ya kaki, bahasha ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Baba naye alikuwa na wana watano. Wiki ile mwalimu wetu wa hesabu alikuwa anatufundisha kugawanya, akatuambia kila mtu alete mfano wa nyumbani. Nikaandika: ekari nne gawanya kwa tano. Shuleni nilipata alama ya sahihi. Nyumbani nilipata kofi.

Sasa, kila mchezo wa aina ile una mzee mkaidi, na wetu haukukosa. Nilimtafsiria Cucu kwa uaminifu siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu nikaona mzee wa redioni yuko uchi mno, nikamvika kofia. Nilikuwa na kofia moja tu kichwani mwangu, ile ya Baba ya manyoya yenye masikio ya kufunga juu. Siku ya nne nikampa kikohozi cha Baba kile kinachotangulia neno "hapana". Wiki iliyofuata nikampa na ile desturi ya Baba ya kujibu "tutaona" anapoombwa karo. Hakuna hata moja kati ya haya lililosemwa Nairobi. Cucu alikuwa anacheka hadi ugoro unamtoka puani, na Baba, aliyekuwa anamcheka mzee yule kuliko sisi sote, alifurahi kuona mamake amechangamka.

Jioni moja Cucu aliacha kucheka. Akanyoosha kidole chake kuelekea kabatini akasema kwa Kiembu, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi kortini:

"Mwanamume huyu namjua. Nilimzaa mimi."

Baba aliinuka akaizima redio. Kwa muda tuliweza kumsikia kuku akijikuna jikoni.

Kesho yake betri hazikuwemo. Redio ilikuwepo na kanzu yake, lakini tumbo lilikuwa tupu. Baba alikuwa amezitia mfukoni mwa koti lake, na kuanzia siku hiyo alitembea nazo kila aendako: kwa ng'ombe, fakitari ya kahawa, kanisani. Betri nne kubwa katika mfuko mmoja hugongana. Tukawa tunamsikia kabla hatujamwona, kama paka aliyefungwa kengele, na tulishukuru kimyakimya, maana hakuna tena aliyekamatwa juu ya mparachichi.

Mama hakusema neno. Mwanamke wa Kimeru akinyamaza, wajomba zangu husema, hesabu mbuzi wako. Siku ya mchezo ilipofika Baba alikuwa kwenye mkutano wa sosaiti ya kahawa, na mkutano wa sosaiti hauishi kabla ya watu kutukanana mara mbili. Mama akatoa betri mbili kwenye tochi ya Baba, akanituma kwa Mwalimu, jirani yetu, nikaazime mbili za tochi yake. Redio ikabebwa hadi jikoni kama mgonjwa. Akina mama wa chama chake walikuja wakiwa na vikapu vya kusuka mkononi, ili anayepita adhani ni kazi. Walisikiliza huku githeri ikichemka, na mchezo ulipokwisha hawakuondoka. Waliendelea kubishana juu ya yule mzee saa nzima, na betri zikasahaulika mle ndani, redio ikiimba taarabu kwa sauti ya chini bila mtu kuisikiliza. Ziliporudishwa kwenye tochi zilikuwa zimebakiwa na roho ya mwisho.

Usiku wa manane ng'ombe alilia. Alikuwa na mimba ya kwanza, ng'ombe wa gredi aliyenunuliwa kwa mkopo, na mlio wake ulimtoa Baba kitandani akiwa na koti juu ya fulana. Akaikamata tochi. Ikatoa mwanga mwekundu kama jicho la mlevi, ikamwonyesha hatua tatu, ikafumba. Hatua ya nne ilikuwa shimo la mbolea. Bwana shamba ndiye aliyetushauri tulichimbe, akasema lifike kifuani kwa mtu mzima; nathibitisha kwamba lilifika. Baba alitumbukia mle huku mfukoni ana betri nne zenye nguvu zote.

Ndama alizaliwa salama. Baba alioshwa uani saa nane za usiku, kwa maji ya moto na sabuni ya kipande, sisi watoto tukichungulia kwenye nyufa za mbao.

"Nani amekula tochi yangu?" aliuliza.

"Yule mzee wa redioni," Mama akajibu, akamwagia maji mengine.

Wengine tungeishia hapo. Baba alikaa siku tatu akichua goti kwa mafuta ya kondoo na kufikiri, akafikia uamuzi kwamba adui hayumo nyumbani, yuko Nairobi. Ushahidi alikuwa nao. Miezi miwili nyuma Mama alikuwa ametuma kadi ya salamu kwa ndugu zake wa Nkubu ipitie redioni. Kwa hiyo Mama anajulikana Sauti ya Kenya. Na kama anajulikana, nani mwingine aliyewapa habari za ekari nne, za kofia, za kikohozi? Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo nikimenya viazi, nikaendelea kumenya kwa bidii ya ajabu.

Tusimcheke. Baba alikuwa na sababu za kuamini kwamba redio huamriwa. Agosti 1, 1982, yeye kama Wakenya wote aliisikia sauti aliyoizoea, ya Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa Je, Huu ni Ungwana?, ikisema serikali imepinduliwa, kwa kuwa wanajeshi waasi walikuwa wamemwelekezea bunduki. Saa chache baadaye redio ile ile ikasema serikali ipo. Mkulima wa Embu alijifunza siku hiyo kwamba nyuma ya kila sauti kuna mtu anayeiambia iseme nini. Kama askari aliweza kwa bunduki, mwenye hati ya shamba na kodi iliyolipwa ataweza kwa barua.

Barua aliisema kwa mdomo, kaka yangu wa kidato cha pili akaiandika. Naikumbuka karibu yote, kwa sababu nitakazozieleza: "Kwa Mkurugenzi, Sauti ya Kenya, Nairobi. Mimi ni mkulima wa kahawa, nina ng'ombe wa gredi wawili na ndama mmoja. Mambo ya boma langu yanatangazwa hewani bila ruhusa yangu. Shamba ni langu na lina hati. Kofia niliinunua kwa pesa zangu. Komesheni mchezo huu mara moja. Wenu mtiifu." Kaka alitaka kuliondoa lile la kofia. Baba alikataa, alisema ndilo litakalowashtua.

Nikatumwa posta na barua na pesa za stempu. Kati ya boma letu na posta ya Runyenjes palikuwa na kioski cha mandazi. Yalikuwa yanaepuliwa wakati huo, yamefura, mafuta bado yanatoa povu kwenye kingo zake, na mwenye kioski alikuwa anayapanga juu ya gazeti matatu matatu. Sina la kujitetea. Barua niliitia ndani ya kitabu changu cha hesabu, kwenye ukurasa wa kugawanya.

Siku ya mchezo ikafika. Baba alizitoa betri mfukoni kwa mara ya kwanza baada ya majuma mawili, akazipanga mwenyewe, akakaa. Tukangoja. Badala ya mchezo ikaja hotuba. Enzi zile hotuba ilikuwa kama msafara wa rais barabarani: ikipita, kila kitu kinasogea kando, na hakuna aliyeuliza. Hotuba ikaendelea, saa ya mchezo ikapita. Baba akaegemea kiti. Sijawahi kuona uso wa mwanadamu ukitulia namna ile.

"Wamesikia," akasema.

Kesho yake aliisimulia habari hiyo kwenye foleni ya fakitari, mahali ambapo watu mia wanasimama na magunia ya kahawa mbivu na hawana la kufanya ila kusikiliza. Kufikia Jumamosi ilikuwa imefika Kianjokoma. Kufikia Jumapili, baada ya ibada, ilikuwa imebadilika: Baba hakuandika barua, alikwenda Nairobi mwenyewe, hakwenda mwenyewe, aliitwa. Na watu hawakufurahi hata kidogo. Mchezo ulikuwa wao pia.

Fakitari yetu haikuwa ya kwanza. Mwaka 1938, Oktoba 30, Orson Welles alitangaza redioni Marekani mchezo wa viumbe kutoka Mars kuivamia New Jersey, na magazeti ya kesho yake yakasema nchi nzima imekimbia makwao. Waliochunguza baadaye wamegundua kwamba waliokimbia hawakuwa wengi hivyo. Magazeti, yaliyokuwa yananyang'anywa matangazo ya biashara na redio, ndiyo yaliyopiga kelele. Lakini mchezo huo huo uliporudiwa Quito, Ecuador, mwaka 1949, watu walipojua wamedanganywa walilichoma moto jengo la redio, na wako waliokufa. Ninavyoona, nusu ya nguvu ya redio haimo redioni. Imo kwenye foleni ya kahawa. Baba aliamini redio, fakitari ikamwamini Baba, na Nairobi haikuwa na habari yoyote.

Jumatatu wajumbe wakaja: akina mama saba wa chama, mzee mmoja wa kanisa, na Mwalimu, aliyekuwa bado anadai betri zake mbili. Wakaketi chini ya mkadamia. Mama akawaandalia chai ya maziwa ya ng'ombe yule yule aliyelia usiku, uso wake umekauka kama karatasi. Mzee wa kanisa akafungua kwa maombi, akaomba Mungu ailainishe mioyo ya walio na mamlaka. Kisha Mwalimu akasema: "Mzee wetu, tumekuja kwa heshima. Tunaomba uturudishie mchezo."

Baba alikuwa na njia mbili. Angesema kwamba labda ilikuwa hotuba tu, akabaki mkulima mwenye goti bovu. Au angekubali kwamba ni yeye. Akakohoa kile kikohozi. Sote tukasubiri "hapana".

"Nitawaandikia," akasema.

Barua ya pili ilikuwa fupi: wazee wamekaa, mchezo unaweza kuendelea, ila kofia iachwe. Pesa za stempu zilikuwa zile zile, na kioski kilikuwa pale pale.

Mchezo ulirudi juma lile lile, kama ambavyo ungerudi hata bila sisi. Kuanzia siku hiyo Baba aliitwa Mkurugenzi, jina ambalo hadi leo vijana wa stendi ya Runyenjes humwitia wakitafuta abiria. Na jina lile lilimfunga mikono. Mkurugenzi hawezi kutembea na betri mfukoni. Redio ilitolewa barazani, kanzu ikavuliwa ili sauti isizibwe, watu wakaja na vigoda vyao, na Baba akaketi katikati kila juma kumsikiliza adui yake tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi nilirudia ukalimani wangu. Sikumvika mzee kitu chochote tena, nawaapia.

Jambo ninalotaka kulisema hasa lilitokea mchezo ukishamalizika, watu wakisharudi makwao. Mama hakuwahi kumwambia Baba "wewe". Maishani mwake mwote sijamsikia akimpinga kwa "wewe". Lakini juu ya mzee wa redioni alikuwa na ruhusa ya kusema lolote, na Baba alikuwa na ruhusa ya kumtetea.

"Yule mzee angempeleka mkewe kliniki angepungukiwa nini?"

"Angepungukiwa heshima."

"Mbele ya nani? Na mkewe amechoka kuzaa kila mvua."

"Labda mkewe hamwambii vizuri."

"Angemwambia vipi?"

"Angengoja mzee ale kwanza."

Majuma matatu walijadiliana hivyo, taa ya koroboi katikati yao, kitinda mimba mgongoni mwa Mama, wakisuluhisha ndoa ya watu ambao hawakuwepo. Juma la nne Mama alimpikia mukimo, akangoja akala. Baba akafuta mdomo akasema: "Huyo mke wa mzee na aende. Lakini asitangaze." Ijumaa Mama alivaa viatu vya kanisani akaenda kliniki Runyenjes. Wa tisa hakuja.

Miaka mingi baadaye nilisoma utafiti wa Elizabeth Levy Paluck, uliochapishwa mwaka 2009, nikacheka peke yangu. Alikwenda Rwanda kuchunguza Musekeweya, mchezo wa redio ulioanza mwaka 2004 juu ya vijiji viwili vinavyochukiana, Bumanzi na Muhumuro, uliotungwa kwa ajili ya nchi iliyojua vyema kwamba redio inaweza pia kuwatuma watu kuua. Baada ya mwaka mzima wa kusikiliza, imani za moyoni za wasikilizaji hazikuwa zimebadilika sana. Kilichobadilika ni kile walichodhani wengine wanakiona kuwa sawa, na namna walivyokubali kubishana hadharani. Mwishoni watafiti waliwaachia redio na kanda za mchezo. Makundi yaliyosikiliza mchezo mwingine, wa afya, aghalabu yalimkabidhi kiongozi wa mahali vitu hivyo, basi. Waliosikiliza Musekeweya walikaa wakajadiliana: vitunzwe na nani, visikilizwe vipi kwa pamoja. Naam. Nani ashike redio. Jambo hilo sisi tulilitatua kwa shimo la mbolea.

Tanzania nao waliupima wa kwao kwa ukali. Twende na Wakati, wenye Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, na mkewe Tunu, ulianza Radio Tanzania mwaka 1993, lakini Dodoma ikanyimwa hadi 1995 ili walinganishe. Nawaonea huruma watu wa Dodoma. Fikiria miaka miwili nchi nzima inamteta Mkwaju na wewe humjui.

Hapa kwetu hesabu hazisemi uongo, ila hazisemi yote. Mwaka 1984 wanawake walioolewa waliokuwa wanapanga uzazi Kenya walikuwa asilimia 17. Mwaka 1989 walifika 27. Watoto kwa kila mwanamke walishuka hadi 6.7 mwaka huo, na 5.4 mwaka 1993. Wenye mchezo hupenda kuzitaja, na wana haki ya kiasi. Lakini kliniki zilikuwa zimeongezeka, karo ilikuwa imepanda, na Julai 1989 mkataba wa dunia wa kugawana soko la kahawa ulivunjika, bei ikaanguka, na watu wa Embu na Meru wakaanza kuutazama mti waliouzalia watoto kwa jicho jingine. Ukimuuliza Mama ni kipi kilichomfikisha kliniki atasema ni mukimo.

Siku hizi hakuna anayenyang'anyana betri pale nyumbani. Mama anasikiliza Muuga FM kwa Kimeru chake, kwa simu ndogo iliyotundikwa dirishani jikoni. Baba anasikiliza Wimwaro FM kwa Kiembu barazani. Kila mmoja anacheka kwa wakati wake, na sijui kama wanajua mwenzake anacheka nini.

Desemba iliyopita nilimkuta Baba akichambua makadamia kwenye ungo, kofia imeshuka masikioni. Nikakiri. Nikamweleza posta, kioski, kitabu cha hesabu. Habari za Cucu na ukalimani niliziacha.

Alisimamisha mikono. "Zote mbili?"

"Zote mbili."

Jikoni mfuniko wa sufuria ulianguka, kikafuata kicheko cha Mama, kile kirefu cha Nkubu. Alitokea mlangoni akijifuta machozi kwa leso. Ya kwanza, alisema, aliikuta kitabuni mwaka ule ule akawashia moto. Ya pili aliitunza. Akaingia sebuleni, akainua kanzu ya redio ambayo haijasema neno tangu miaka ya tisini, akatoa bahasha.

Baba aliipokea, akaisoma yote polepole, midomo ikichezacheza, hadi kwenye "Wenu mtiifu". Akaikunja akaitia mfukoni mwa koti, mfuko ule ule.

"Yalikuwa mandazi mangapi?"

"Sita, Baba. Matatu kila safari."

"Na hukuniletea hata moja," akasema, akarudia makadamia yake.